Nitro 5 ya RAM GB 8 inaganda katikati ya mechi: niongeze stiki moja au nibadilishe yote?

Section58

Wadau, habari za jioni.

Nina Acer Nitro 5, ile AN515-54 yenye prosesa ya i5-9300H, kadi ya michoro ya GTX 1650 na RAM ya GB 8. Niliinunua kwa jirani aliyekuwa anahama, na kwa mwili wake sina lalamiko: betri inashika, kibodi iko kamili, skrini haina doa. Mchana inanifanyia kazi za chuo kule Njoro, usiku ni gemu. Shule zikifungwa binamu zangu hujaa hapa Nakuru, na kinachowatuliza ni gemu ya mpira, FC 24.

Shida yenyewe ni hii. Mechi huanza vizuri kabisa. Tukifika kipindi cha pili picha inasimama, chini ya sekunde moja hivi, halafu inaruka mbele kama filamu iliyokatwa. Mshambuliaji wangu yuko ndani ya boksi, naachia shuti, picha inaganda, ikirudi kipa ameshaukumbatia mpira. Kisha inatulia, inacheza laini fremu 60 kwa sekunde, na baadaye inarudia tena. Nikiwa nimefungua kivinjari pamoja na Discord ili niongee na rafiki zangu walioko Kisumu, ndipo inapozidi. Feni zinavuma, lakini si kwa kelele ya kutisha.

Nimepita maduka mawili mjini. La kwanza wananiambia niwaachie stiki iliyomo, niweke moja ya GB 16 ya 3200 kwa sababu "ina kasi". La pili wanasema niongeze GB 8 tu. Bei ya hiyo 16 ni karibu mara mbili ya hiyo 8, na mimi maisha yangu kwa sasa ni ya kuungaunga. Sitaki kulipa halafu binamu zangu warudi Desemba wakute kipa bado anadaka kwa msaada wa laptopu.

Naomba neno la mtu aliyezifungua hizi mashine kwa mikono yake. Niongeze, nibadilishe, au ugonjwa si RAM kabisa?

Mchezaji_Lurambi

Kaka usijisumbue, weka 32 umalize maneno. Mimi hapa Kakamega niliweka 32 na tangu hapo sijasikia habari ya kuganda. Gemu za siku hizi zinakula RAM bila huruma. GB 8 ni ya kuandikia insha.

Fundi_Kondele

Section58, pole kaka. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Kondele, Kisumu, na laptopu za aina yako zinapita mezani pangu kila wiki. Kabla hujatoa hata shilingi nataka tuujue ugonjwa, kwa sababu watu wengi huniletea stiki mpya mkononi wakiwa hawajapima chochote, na inaniuma kumwambia mtu kwamba pesa yake imeenda mahali ambapo haikuhitajika.

Kuna kukwama kwa namna mbili. Ya kwanza, gemu ni nzito tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, fremu ziko chini muda wote. Hapo kadi ya michoro imelemewa, au mashine imepata joto, na RAM haitakuokoa. Ya pili ndiyo hii yako: laini, ganda, laini, ganda. Mara nyingi hiyo ni RAM iliyojaa. Windows inaanza kuhamisha vitu kutoka kwenye RAM kuvipeleka kwenye faili la akiba lililoko kwenye diski, na gemu ikivihitaji inavirudisha. Wakati vinarudi, mechi inasubiri.

Chukua mfano wa mama anayekaanga samaki hapa kando ya ziwa. Kilichoko mezani anakichukua papo hapo. Meza ikijaa, vingine vinabaki nyumbani Nyalenda, na mteja akiagiza cha nyumbani inabidi mtoto atumwe. Kama faili hilo la akiba liko kwenye SSD, diski ya chipu isiyozunguka, mtoto amepanda boda. Kama liko kwenye diski ya kuzunguka, mtoto anakwenda kwa miguu, mafuta yanaungua na mteja amekunja uso.

Kwa hiyo leo usiku fanya jambo moja la bure. Anza mechi huku kivinjari na Discord vikiwa wazi kama kawaida yako. Ikiganda mara ya kwanza, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia Task Manager, sehemu ya Performance, kisha Memory. Nisomee RAM inayotumika ni ngapi, Committed inasoma ngapi, Speed ni ngapi, na Slots used ni ngapi kati ya ngapi. Hapohapo pembeni tazama diski zako: kuna yoyote inayogonga asilimia 100? Pima pia joto la prosesa kwa programu ya HWiNFO. Kikomo cha i5-9300H ni nyuzi 100, na ikiwa inakaa juu ya 95 itaanza kujipunguza kasi yenyewe, hapo tutaongea habari ya vumbi na si ya RAM. Nakuru mna vumbi jingi hasa Januari na Februari, na linapenda kujikusanya kwenye mapezi membamba yaliyo mbele ya feni, pale ambapo hewa ya moto inatakiwa kutoka.

Sasa hilo duka la kwanza. Ushauri wao siupendi, na nitakwambia kwa nini. Prosesa yako inaongea na RAM kwa njia mbili. Stiki moja inatumia njia moja tu, hata iwe ya GB 16, na njia moja kwa kasi ya 2666 inapitisha GB 21.3 kwa sekunde. Stiki mbili, njia mbili, GB 42.6. Kama laptopu yako ina stiki moja ya 8, wao wanataka uwaachie stiki nzima, ulipe zaidi, na bado ubaki na njia moja. Halafu hiyo 3200 wanayoisifu haitakuwa 3200 kwako. i5-9300H inaishia DDR4-2666. Stiki ya 3200 itaingia na itafanya kazi, lakini itashuka hadi 2666 kama wenzake.

Mchezaji_Lurambi, 32 si dhambi, hasa kwa mtu anayehariri video. Lakini EA wenyewe, watengenezaji wa gemu hiyo, walitaja GB 8 kama kiwango cha chini cha FC 24 na wakapendekeza 12. Huyu kaka akifika 16 ameshavuka. Kitakachombana baada ya hapo ni GB 4 za kadi ya michoro, na hizo hakuna stiki inayoziongeza.

Mzee_Milimani

Kijana wangu Section58, sikiliza huyo dada, anajua anachosema. Nami nikuulize moja tu: unacheza chaja ikiwa imechomekwa? Laptopu ya gemu ikiwa kwenye betri hupunguza nguvu ya prosesa na ya kadi kwa makusudi. Mjukuu wangu alilia wiki nzima kuhusu gemu kukwama, kumbe soketi ya chumbani kwake ilikuwa imekufa.

Section58

Shikamoo mzee. Ndiyo, chaja huwa imechomekwa.

Dada fundi, asante sana, nimefanya ulivyosema. RAM inayotumika 7.3 kati ya 7.8. Committed inasoma 13.6/17.8. Speed 2667. Slots used ni 1 kati ya 2, kwa hiyo tundu moja liko wazi kumbe! Joto la prosesa lilikuwa linacheza kwenye 84, halikupita 88.

Ila kuna kitu kimenishangaza. Gemu iko C, na C ni SSD. Windows iko C pia. Lakini picha ikiganda, diski inayopanda hadi asilimia 100 ni D, ile ya TB 1 ya kuzunguka, ambayo mimi nimeweka filamu na picha za familia tu. SSD yenyewe imetulia kabisa. D inafanya nini katikati ya mechi yangu?

Fundi_Kondele

Kaka, umeuliza swali zuri kuliko yote ya ukurasa huu.

Aliyekuwa na laptopu kabla yako alihamisha faili la akiba la Windows kutoka C kulipeleka D, bila shaka ili aokoe nafasi kwenye SSD. Linaitwa pagefile.sys. Ukitazama namba zako utaliona: RAM yako ni 7.8, lakini kikomo cha Committed ni 17.8, maana yake kuna GB 10 za akiba mahali fulani. Programu zako zimeomba 13.6 wakati RAM halisi ni 7.8. Sehemu ya hiyo tofauti inaishia D, kwenye diski ambayo kichwa chake cha kusomea lazima kisafiri juu ya sahani kutafuta kila kipande. Hapo ndipo nusu sekunde yako inapopotelea.

Anza na hilo, ni bure. Bonyeza Windows+R, andika sysdm.cpl, ingia Advanced, kwenye Performance bonyeza Settings, halafu Advanced tena, na chini utaona Virtual memory. Toa alama pale juu panaposema Windows ijisimamie, chagua D uweke No paging file, kisha chagua C uweke System managed size. Bonyeza Set kila mara, usisahau, watu wengi wanabonyeza OK moja kwa moja na hakuna kinachobadilika. Hakikisha C ina nafasi ya kutosha kabla ya kufanya hivyo. Washa upya, cheza. Kuganda kutapungua sana lakini hakutaisha, kwa sababu 13.6 bado haitoshei kwenye 7.8.

Kwa hiyo RAM unaihitaji kweli, na duka la pili walikuwa sahihi: ongeza GB 8 kwenye tundu lililo wazi. Sasa sikiliza vizuri kuhusu kununua, kwa sababu hapa ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia.

Unatafuta DDR4 ya laptopu, inaitwa SODIMM. Ni fupi, karibu sentimita 7. Ya kompyuta ya mezani ina sentimita 13 na kitu, usipokee hata ukiambiwa ni sawa. DDR3 na DDR5 za laptopu zinakaribiana urefu na yako, lakini lile pengo dogo kati ya meno ya dhahabu liko mahali tofauti, na idadi ya pini si moja: DDR3 ina 204, DDR4 ina 260, DDR5 ina 262. Ikikataa kuingia, usiisukume. Haijakosea, ni ya mashine nyingine.

Kisha soma stika. Unataka uone kitu kama "8GB 1Rx8 PC4-2666V". PC4 ni DDR4. 2666V ni kasi. Ikiandikwa 3200AA pia sawa, itashuka, ila usilipie zaidi kwa ajili ya hiyo 3200. Hiyo 1Rx8 itazame kwa macho mawili. Kuna stiki nyingi za GB 8 zilizoandikwa 1Rx16, zina chipu nne tu badala ya nane. Zinafanya kazi, lakini chipu za aina hiyo zina makundi mawili ya hifadhi ndani badala ya manne, na kwenye gemu zinabaki nyuma kidogo. Geuza stiki, hesabu chipu nyeusi pande zote mbili. Nane, chukua. Nne, uliza kama kuna nyingine.

Kuhusu jina, SK Hynix, Samsung na Micron ndio wanaotengeneza chipu zenyewe. Kingston na wenzake wananunua chipu na kuzipanga, na kazi yao ni nzuri. Iliyotumika isikuogopeshe. RAM haina kitu kinachozunguka, wala haichakai kama betri. Na nitasema ukweli, mpya zimekuwa ghali kwa sababu mwaka 2025 viwanda vikubwa vilianza kuipa DDR4 kisogo na kuelekeza nguvu kwenye DDR5 na kwenye kumbukumbu za seva za akili bandia. Sisi wenye mashine za 2019 tunalipia hilo, na linanikera kila mteja anaponiuliza bei.

Si lazima stiki ya pili itoke kiwanda kimoja na ya kwanza. Ukubwa uwe mmoja, aina iwe moja, inatosha.

Boda_wa_Bungoma

Nithibitishe hilo la njia mbili. Yangu si ya gemu rasmi, ni laptopu ya kawaida ya Ryzen 5 3500U, haina kadi ya michoro ya pembeni. Sehemu ya michoro iko ndani ya prosesa na inakopa RAM hiyohiyo. Nilipoongeza stiki ya pili GTA V ikabadilika kabisa, barabara za Los Santos zikaanza kunyooka. Kabla ya hapo nilikuwa naendesha gari kama niko kwenye matope ya Chwele.

Fundi_Kondele

Hapo umenena, ndugu. Kwa mashine kama yako faida ni kubwa kuliko kwa Section58, kwa sababu GTX 1650 yake ina kumbukumbu yake yenyewe. Yeye atapata nafasi kwanza, kasi kidogo. Wewe ulipata vyote viwili.

Section58

Nimehamisha hilo faili. Wadau, hata kabla ya kununua chochote tofauti ipo! Bado inaganda, lakini sasa ni kama kupepesa jicho, si kile kisimamo cha zamani. Na D imenyamaza.

Kesho naenda kununua. Dada, nikishaipata, naweza kuiweka mwenyewe? Bisibisi ninayo. Ninachoogopa ni kuunguza bodi.

Fundi_Kondele

Unaweza, kaka, na sioni kwa nini ulipe mtu. Fanya polepole tu.

Zima kabisa: shikilia Shift unapobonyeza Shut down, kwa sababu Windows ya kawaida huwa haizimi yote, inalala nusu. Chomoa chaja. Laza laptopu kifudifudi juu ya kitambaa safi mezani, si kwenye zulia wala kitandani. Chora umbo la laptopu kwenye karatasi, na kila skrubu unayoitoa iweke pale ilipotoka, kwa sababu urefu wake unaweza kutofautiana, na skrubu ndefu ikirudi mahali pa fupi inaweza kutoboa kitu.

Kifuniko kinashikwa na vikucha vya plastiki. Tumia kadi ya zamani ya benki, pitisha pembeni taratibu. Bisibisi itakwangua na kuvunja. Utasikia vikiachia kimoja kimoja. Kikishatoka, kabla ya kugusa kingine chochote, chomoa plagi ya betri kwenye bodi. Ivute kwa kucha pande zote mbili kwa usawa, si kwa kuvuta nyaya. Halafu bonyeza kitufe cha kuwashia, ukishikilie kidogo, kimwage umeme uliobaki. Gusa chuma kilicho wazi kabla ya kushika stiki. Hewa ya Nakuru ikiwa kavu mwili unabeba umeme usiouhisi, na sweta la sufi ndilo adui mkubwa. Livue.

Stiki ya zamani iko pale, na tundu tupu liko jirani yake. Shika mpya kwenye kingo, usiguse meno ya dhahabu. Linganisha pengo na kile kinundu ndani ya tundu. Iingize kwa mshazari, meno yazame mpaka usione dhahabu ila mstari mwembamba. Sasa ibonyeze ilale. Vishikizo viwili vya chuma vya pembeni vitafunguka na kuikamata, na utasikia tak. Kikishikwa upande mmoja tu, itoe uanze tena. Sehemu kubwa ya wanaoniletea laptopu "iliyokufa baada ya kuwekwa RAM", stiki haikuzama mpaka mwisho. Hakuna zaidi.

Ukiwa ndani, piga vumbi kwenye feni kwa brashi laini, na uzishike mapanga yasizunguke unapofanya hivyo.

Na ukiiwasha, skrini inaweza kukaa nyeusi kwa muda kuliko ulivyozoea. Mashine inaipima RAM mpya na kupanga namna ya kuongea nayo. Usiizime kwa hofu. Mpe nafasi.

Section58

Imekubali! Imekubali wadau!

Nimepata SK Hynix iliyotumika, 8GB 1Rx8 PC4-2666V, chipu nane, nimezihesabu palepale kaunta muuzaji akinitazama. Mwanzoni alitoa ya 1Rx16, nikamwomba anitafutie nyingine, akatafuta kwenye droo akaipata. Alikuwa mtu mzuri, aliniandikia risiti na kuniruhusu niirudishe ikisumbua.

Kufungua kifuniko ndiko kulikonitoa jasho. Kona ya karibu na tundu la chaja iligoma, nikaenda nayo taratibu kwa kadi mpaka ikaachia. Ndani, feni ya upande wa kushoto ilikuwa na vumbi lililoshikana kama blanketi, rangi ya kijivu, limeziba nusu ya mapezi. Nikalitoa lote likiwa kipande kimoja. Stiki ikalala, tak, vishikizo vyote viwili.

Nilipowasha skrini ikawa nyeusi. Moyo ukaenda mbio, lakini nikakumbuka maneno yako nikaweka mikono mfukoni. Nembo ya Acer ikatokea.

Task Manager sasa inasema 15.8, Slots used 2 kati ya 2, Speed 2667. Nimecheza jioni yote, kivinjari wazi, Discord wazi, RAM inayotumika ikapanda hadi 10.4 na kubaki hapo. Hakuna kuganda hata kumoja. Joto nalo limeshuka, linacheza kwenye 78, nadhani ni lile vumbi. Nimefunga bao la dakika ya 90 na nimeliona lote, kuanzia mguu mpaka wavu.

Swali dogo: programu ya CPU-Z inaniambia DRAM Frequency ni 1330 hivi. Nimeibiwa?

Fundi_Kondele

Hongera sana kaka, umenifurahisha! Hujaibiwa. DDR hupitisha data mara mbili kwa kila mpigo wa saa, na CPU-Z inakuonyesha mpigo wenyewe. Zidisha mara mbili utapata 2666. Hapohapo angalia mstari wa Channel: ikiandika Dual au 2 x 64-bit, njia zote mbili zinafanya kazi.

Kabla muda wa kurudisha haujaisha, ipime kwa programu ya MemTest86. Iweke kwenye flashi, na kwa Acer ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya laptopu, kwa F2 uwashe F12 Boot Menu kwanza, la sivyo laptopu haitakuuliza iwake kutoka wapi. Iache usiku kucha ikiwa kwenye chaja. Kosa hata moja, rudisha stiki. Usikubali kuambiwa kosa moja ni la kawaida. RAM mbovu haikuzimii gemu tu, inaweza kuharibu na faili za chuo kimyakimya.

Vihiga_Gemu

Dada fundi, samahani kudandia. Yangu ni Asus ROG Zephyrus G14 ya 2020, RAM GB 8. Nimeifungua naona tundu moja tu, na liko tupu. RAM yenyewe iko wapi?

Fundi_Kondele

Karibu. G14 ya mwaka huo zile GB 8 zimechomelewa kwenye bodi, hazitoki. Hilo tundu moja ni la kuongezea. Ukiweka 8 utakuwa na 16, na njia zote mbili zitakuwa na mzigo sawa. Ukiweka 16 utakuwa na 24: sehemu ya kwanza, 8 za bodi na 8 za stiki, zitakwenda kwa njia mbili, na 8 zinazobaki zitakwenda kwa njia moja. Kwa gemu peke yake ningeweka 8. Kama unahariri video pia, weka 16. Prosesa yako inafika 3200, kwa hiyo wewe usichukue 2666, itaivuta na ile ya bodi chini. Na uhakikishe stika inasema 3200AA. Kuna stiki za gemu zinazofika 3200 kwa XMP pekee, yaani mpangilio wa kasi ya ziada, na laptopu nyingi hazina mahali pa kuiwasha kwenye BIOS, basi zinabaki chini. Nitumie picha ya stika kabla hujalipa.